Wanafunzi 312, Namba Moja: Nilivyojifunza UPDATE kwa Aibu Nikiwa TP Bagamoyo

Tangu turudi kutoka TP, wenzangu watatu wameniuliza swali lilelile, na wote wameuliza kwa kunong'ona kana kwamba wanaulizia matokeo ya sapu: "Hivi ukitaka kila mwanafunzi kwenye jedwali apate namba yake tofauti, unaandikaje?" Badala ya kumjibu kila mtu kivyake pale kantini huku chipsi zikipoa, nimeona niandike mara moja hapa kwenye jarida letu, anayetaka asome na anayetaka anakili.

Nitaeleza hatua kwa hatua. Ila itabidi nianze na makosa yangu mawili, kwa sababu bila hayo makosa nisingekuwa na cha kueleza. La kwanza lilichekesha staff nzima. La pili halikumchekesha mtu.

Kazi niliyopewa

Mimi niko mwaka wa tatu, ualimu, nafundisha Hisabati na Jiografia. TP nilipangwa shule moja ya sekondari ya kata upande wa Bagamoyo, ile njia unayopita ukitokea Bunju na Mapinga. Asubuhi nadandia daladala, jioni narudi chumbani nikiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

Wiki ya tatu mwalimu wa taaluma akaniita. Kulikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba baadhi ya walimu wakiona jina kwenye karatasi ya mtihani, mkono unakuwa mwepesi au mzito kutegemea jina ni la nani. Akaamua moko ya Kidato cha Pili na cha Nne isahihishwe bila majina. Kila mwanafunzi apewe namba ya siri, aandike hiyo tu. Jumla walikuwa 312.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni kijana wa chuo, una kompyuta. Tufanyie hizo namba."

Nikasema sawa mzee, kesho zitakuwa tayari. Nilikuwa nimesoma kozi moja ya kompyuta mwaka wa pili, kwa hiyo nilijiona mtaalamu.

Unaweza kuuliza, kwa nini nisingehesabu tu 1, 2, 3 mpaka 312? Kwa sababu orodha ya shule imepangwa kwa alfabeti. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio akiona namba 1 anajua huyu ni Abdallah. Hiyo siri inakuwa imefichwa nyuma ya kanga ya wavu. Namba zilitakiwa zigawiwe kwa kuchanganya.

Nilitumia SQLite. Ni programu ndogo ya bure ya hifadhidata, haitaki seva wala intaneti, data zote zinakaa kwenye faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi. Aliianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, na kama una simu ya Android basi unayo mfukoni hata kama hujawahi kuisikia. Jedwali langu lilikuwa hivi:

CREATE TABLE wanafunzi (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT,
  kidato TEXT,
  namba_siri INTEGER,
  hesabu INTEGER,
  daraja TEXT
);

Mstari mmoja ni mwanafunzi mmoja. Safu ya namba_siri ilikuwa tupu, inasubiri kujazwa.

Amri moja, mistari mingi

Amri ya kubadilisha kilichomo kwenye mistari inaitwa UPDATE. Ukiandika:

UPDATE wanafunzi SET hesabu = 0;

wanafunzi wote 312 wanapata sifuri, kwa sababu hukutaja nani (hiyo ingekuwa kazi ya WHERE) na thamani uliyotoa ni moja kwa wote.

Ukiandika hivi, mambo yanabadilika:

UPDATE wanafunzi SET hesabu = hesabu + 5;

Amri bado ni moja, lakini jibu ni la kila mstari peke yake. Mwenye 40 anakuwa na 45, mwenye 61 anakuwa na 66. Kompyuta inapita mstari kwa mstari, na kwa kila mstari inapiga hesabu upya ikitumia kilichomo kwenye mstari ule. Shika hilo, maana makala yote hii inaning'inia hapo: thamani inakuwa ya kila mtu pale tu inapohesabiwa upya kwa kila mtu.

Mfano wa pili ni wa kazini kwetu kabisa. Alama za Kidato cha Nne zinageuzwa madaraja hivi: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo ni F. Kwa SQL:

UPDATE wanafunzi
SET daraja = CASE
  WHEN hesabu >= 75 THEN 'A'
  WHEN hesabu >= 65 THEN 'B'
  WHEN hesabu >= 45 THEN 'C'
  WHEN hesabu >= 30 THEN 'D'
  ELSE 'F'
END;

Inasomwa kutoka juu kwenda chini na inasimama kwenye sharti la kwanza linalotimia. Ndiyo maana huna haja ya kuandika "65 hadi 74": aliyefika mstari wa B ameshashindwa kufika A.

Lakini kuna mtego. Mwanafunzi aliyekuwa anaumwa malaria siku ya mtihani hana alama, safu yake ni tupu, yaani NULL. Tupu si kubwa kuliko 75, wala 65, wala 30. Inateleza mpaka chini kwenye ELSE, na mtoto ambaye hakufanya mtihani anapewa F. Ongeza mwishoni kabla ya nukta mkato: WHERE hesabu IS NOT NULL. Maneno matano tu, na umemwokoa mtu.

Hizo zilikuwa rahisi kwa sababu kila mstari tayari una kitu chake cha kuanzia. Shida inakuja pale mstari hauna kitu, na unataka thamani mpya izaliwe kwa ajili yake.

Kosa la kwanza: wote ni 4719

Mimi nilifikiria kikapu cha vikaratasi. Nikatengeneza jedwali linaitwa kikapu, nikaliwekea namba 9,000, kuanzia 1000 hadi 9999. Halafu nikaandika:

UPDATE wanafunzi
SET namba_siri = (
  SELECT namba FROM kikapu
  ORDER BY random() LIMIT 1
);

Kwa Kiswahili: mpe kila mwanafunzi karatasi moja iliyookotwa kikapuni bila kuangalia. Ukisoma haraka inaonekana safi kabisa. Nikaendesha, hakuna neno la kosa lililotokea, nikahamishia kwenye flashi, nikalala.

Kesho yake mwalimu wa taaluma akachapisha. Ukurasa wa kwanza ukatoka, akauangalia, akavua miwani, akaniita mbele ya watu. "Mwalimu, shule nzima ni mtu mmoja?" Wanafunzi wote 312 walikuwa namba 4719.

Walicheka wiki nzima. Mpaka mpishi wa uji akawa ananiita "Nne Saba". Mimi jioni ile nilikaa kutafuta sababu.

Sababu ni hii. Ile SELECT iliyoko ndani ya mabano ni swali la ndani. Kompyuta kabla ya kuanza kupita mistari inalikagua: je, swali hili linamtaja mwanafunzi yeyote? Linatumia id yake, jina lake, chochote cha mstari wake? Langu halikutaja. Lilizungumzia kikapu peke yake. SQLite ikaona jibu halimtegemei mwanafunzi, kwa nini niulize mara 312? Ikaokota karatasi moja, ikaitunza, ikaigawa kwa wote. Na huo si ubovu. Nyaraka zake zenyewe zinasema swali la ndani lisilotegemea mstari wa nje linajibiwa mara moja na jibu linatumika tena. Kwa kawaida hiyo inakuokolea muda.

Ni sawa na kumtuma monita kikapuni akaja na namba moja, ukaiandika ubaoni, ukaambia darasa zima "nakilini". Hukumwambia kila mtu aje aokote mwenyewe.

Kosa la pili: lile lisilochekesha

Nikarekebisha haraka haraka. Nikaachana na kikapu, nikaiweka random() moja kwa moja, nje ya swali la ndani:

UPDATE wanafunzi
SET namba_siri = abs(random()) % 9000 + 1000;

Hapa random() inaitwa upya kwa kila mstari. Inaleta namba kubwa, abs inaondoa hasi, % 9000 inabakisha salio kati ya 0 na 8999, ukijumlisha 1000 unapata namba ya tarakimu nne. Nikapitisha macho: 7203, 1588, 4382, 9016... Tofauti kabisa. Mwalimu wa taaluma naye akapitisha macho, akaridhika. Namba zikagawiwa, moko ikafanyika, karatasi zikasahihishwa, na mimi nikaingiza alama kwa amri za namna hii, karatasi moja baada ya nyingine:

UPDATE wanafunzi SET hesabu = 68 WHERE namba_siri = 4382;

Matokeo yakatoka Jumatatu. Jumatano akaja mama mmoja ofisini, anauza samaki wa kukaanga kule ufukweni karibu na soko la samaki. Kanga yake bado ilikuwa inanukia mafuta na ndimu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pembeni ya kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Mwalimu," akasema, "mimi shule nimeishia la saba, hayo ya kwenu siyajui. Ila huyu binti yangu ndiye ananipigia hesabu za samaki kila jioni. Mkopo wa nani, faida ngapi, barafu ngapi. Shilingi haipotei. Leo mnaniambia kapata kumi na tisa?"

Ijumaa yake ilikuwa inabandikwa orodha ya Kidato cha Nne watakaoingia kambi ya kujiandaa na mtihani wa taifa. Mwenye F ya hesabu hakuwemo.

Ningeweza kumjibu kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Kusema ukweli ndilo jibu lililokuja mdomoni kwanza. Lakini kuna kitu kilinikuna, nikafungua kompyuta, nikaandika swali ambalo nilitakiwa kuliandika wiki mbili nyuma:

SELECT namba_siri, count(*)
FROM wanafunzi
GROUP BY namba_siri
HAVING count(*) > 1;

Yaani: nioneshe namba zinazomilikiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ikaleta mistari mitano. Namba tano, kila moja ina wanafunzi wawili. Moja ilikuwa 4382.

Sasa fuatilia kilichotokea. Niliingiza 68 kwa namba 4382, na wanafunzi wote wawili wakapata 68. Dakika ishirini baadaye nikakutana na karatasi nyingine ya 4382, ina 19. Nikaingiza, na wote wawili wakawa na 19. Kompyuta haikulalamika kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba namba moja ni ya mtu mmoja. Karatasi ya mwisho ndiyo ilishinda.

Na huu upande mwingine ndio uliniuma zaidi. Kwenye jozi nyingine iliingia 22 kwanza, ikafuata 71. Kuna kijana wa Kidato cha Pili alikuwa ametembea siku mbili na 71 ambayo si yake.

Tulifanya hivi: mimi na mwalimu wa taaluma tulitoa zile karatasi kumi, tukawaita wanafunzi kumi mmoja mmoja, kila mtu akatambua mwandiko wake. Yule binti alinyanyua ya 68 hata kabla sijamaliza kuziweka mezani. Jina lake likaingia kwenye orodha ya Ijumaa. Yule kijana wa 71 nilimwambia mimi mwenyewe, nikamwomba radhi. Hakulia. Aliuliza tu, "Madam, kwa hiyo ile sabini na moja ilikuwa ya nani?" Sikumwambia.

Kwa nini ziligongana, wakati namba ni 9,000?

Hapa ndipo mwanahisabati nilipojiona mjinga. Nilidhani namba 9,000 kwa watu 312 ni nafasi ya kutosha, kugongana itakuwa bahati mbaya ya ajabu. Lakini usihesabu watu, hesabu jozi. Watu 312 wanatengeneza jozi 312 × 311 ÷ 2, ambazo ni 48,516. Kila jozi ina nafasi moja kati ya 9,000 ya kupata namba sawa. Gawanya, unapata kama 5.4. Yaani kugongana kwa jozi tano ndiko kulikokuwa kunatarajiwa. Nafasi ya kutoka salama bila jozi hata moja ilikuwa chini ya asilimia moja.

Ni hesabu ileile ya siku za kuzaliwa: kwenye chumba cha watu 23 tu, nafasi ya wawili kuzaliwa tarehe moja inazidi nusu. Wengi wetu tumeisikia. Kuisikia na kuikumbuka ukiwa na majina ya watoto mbele yako ni vitu viwili.

Njia iliyokaa sawa: cheza kama mchezo wa kina mama

Kila mmoja wetu ana mama, shangazi au dada anayecheza mchezo. Kina mama kumi na wawili, kila mwezi wanachanga, mmoja anabeba. Mwanzoni wanaokota vikaratasi kujua nani wa kwanza, nani wa mwisho. Kijumbe anaandika 1 hadi 12, anakunja, anatingisha kwenye bakuli. Kila mtu anaokota na harudishi. Ndiyo maana hakuna mwezi wenye mama wawili wanaogombea hela moja.

Amri yangu ya pili ilikuwa inaokota na kurudisha. Kila mwanafunzi alipokuwa anaokota, kikapu kilikuwa kimejaa tena. Kinachotakiwa ni kutingisha mara moja, kisha kugawa kwa mpangilio.

Kabla ya yote, futa za zamani na weka mlinzi mlangoni:

UPDATE wanafunzi SET namba_siri = NULL;
CREATE UNIQUE INDEX namba_moja_mtu_mmoja
ON wanafunzi (namba_siri);

Hiyo indeksi ya upekee ndiyo kijumbe wako. Kuanzia hapo, amri yoyote itakayotaka kuwapa watu wawili namba moja itakataliwa. (Safu tupu zinaruhusiwa kuwa nyingi, usiogope.) Halafu:

BEGIN;

CREATE TABLE mchanganyo AS
SELECT id,
  row_number() OVER (ORDER BY random()) AS nafasi
FROM wanafunzi;

UPDATE wanafunzi
SET namba_siri = (
  SELECT 1000 + mchanganyo.nafasi
  FROM mchanganyo
  WHERE mchanganyo.id = wanafunzi.id
);

Twende taratibu. BEGIN inafungua muamala: chochote kitakachofuata ni cha kujaribu mpaka utakaposema COMMIT. Ukiona mambo yameharibika unaandika ROLLBACK na kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Jedwali la mchanganyo ndilo bakuli. ORDER BY random() inawapanga wanafunzi foleni iliyovurugwa, na row_number() inapita kwenye foleni hiyo ikihesabu 1, 2, 3 mpaka 312. Kuhesabu hakurudii namba, kwa hiyo hakuna kugongana. Unahitaji SQLite toleo la 3.25 la mwaka 2018 au jipya zaidi.

Kisha angalia swali la ndani la UPDATE. Limefanana sana na lile lililoniletea 4719, tofauti ni mstari mmoja: WHERE mchanganyo.id = wanafunzi.id. Sasa swali linamtaja mwanafunzi. Haliwezi kujibiwa mara moja kwa wote kwa sababu jibu linategemea huyu ni nani, kwa hiyo linaulizwa upya kwa kila mstari. Huo ndio mstari uliokosekana usiku ule.

Kwa nini nimetengeneza jedwali zima badala ya kubana kila kitu kwenye amri moja? Inawezekana kubana. Lakini random() kila ukiiita inakuja na kitu kingine. Mchanganyo ukishaandikwa kwenye jedwali unakuwa umeganda, unaweza kuusoma, kuukagua na kuuhifadhi.

Namba zitakuwa 1001 hadi 1312. Usijali kwamba zimefuatana. Siri iko kwenye nani ameshika ipi, na hilo halionekani kwenye namba. Faili lenye majina na namba likae kwa mtu mmoja mpaka usahihishaji uishe.

Hesabu tatu kabla ya COMMIT

Kabla hujafunga muamala, uliza:

SELECT count(*), count(namba_siri), count(DISTINCT namba_siri)
FROM wanafunzi;

Ya kwanza ni idadi ya wanafunzi. Ya pili ni wangapi wamepata namba, kwa sababu count ya safu hairuki ila zilizo tupu. Ya tatu ni namba ngapi tofauti zipo. Lazima zote tatu zilingane: 312, 312, 312. Zikilingana, COMMIT. Zisipolingana, ROLLBACK.

Ningeuliza hivyo siku ya kwanza ningepata 312, 312, 1. Siku ya pili ningepata 312, 312, 307. Sekunde mbili. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo la kudumu: kosa la kwanza lilikuwa kubwa, lakini lilionekana na kila mwenye macho. La pili liligusa watu kumi kati ya 312, na kwa kupitisha macho hulioni kamwe. Kupitisha macho si kukagua.

Jambo lingine: namba zikishachapishwa na kugawiwa, usiendeshe tena amri ile. Ukiiendesha utapata mchanganyo mpya ambao hauhusiani na karatasi zilizoko mikononi mwa watoto.

Kwa wanaotumia programu nyingine

Usidhani mambo yanafanana kila mahali. Kwenye SQL Server ya Microsoft, RAND() inaitwa mara moja kwa amri nzima, kwa hiyo hata bila mabano ya ndani wote wanapata namba moja. Wengi kule hutumia NEWID(), ambayo inazaliwa upya kwa kila mstari. PostgreSQL inafanana na SQLite: random() peke yake inaitwa kwa kila mstari, lakini ukiifungia ndani ya SELECT isiyotaja mstari wa nje, inajibiwa mara moja. Kwenye MySQL, RAND() inaitwa kwa kila mstari, na row_number() ipo kuanzia toleo la 8.0. Ila tahadhari, kwenye MySQL amri ya CREATE TABLE inafunga muamala kimya kimya, kwa hiyo tengeneza jedwali la mchanganyo kwanza, ndipo ufungue muamala.

Na njia hii ni ya namba za mtihani, kupanga viti, kugawa makundi. Si ya kutengeneza nywila. Random ya kawaida haikutengenezwa kumzuia mtu mwenye nia ya kubahatisha.

Namba tunazozibeba

Tangu siku ile naziangalia kwa jicho lingine namba zetu. Namba yako ya mtihani wa Kidato cha Nne ina vipande vitatu: kituo, mtahiniwa, mwaka. 0001 ipo kwenye kila shule Tanzania, lakini ikiunganishwa na kituo na mwaka inakuwa ya mtu mmoja tu. Namba hiyo ndiyo uliyoombea mkopo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na inaanza na tarehe yako ya kuzaliwa, na kwa kuwa wengi tumezaliwa siku moja, tarakimu zinazofuata ndizo zinazotutenganisha. Kontroo namba unayolipia ada ni ya ankara yako peke yake. Boom linaingia kwako na si kwa jirani yako wa chumbani kwa sababu mahali fulani kuna mstari wako, na una kitu ambacho mstari mwingine hauna.

Sisi wa ualimu tutapewa hizi kazi, tutake tusitake. Shule nyingi hazina mtu wa kompyuta, na kijana mgeni kutoka chuo ndiye anayesukumiwa. Ukipewa, zikariri zile hesabu tatu. Na mzazi akija na malalamiko, fungua jedwali kwanza kabla hujafungua mdomo.

Anayetaka nimwoneshe kwa vitendo, Jumanne jioni huwa niko maktaba, meza za dirishani. Njoo na flashi yenye nakala ya data yako. Data yenyewe iache nyumbani.